Damyanti na Droo ya Herufi B

Damyanti Vaghela alishuka London Februari 1968, akitokea Nakuru, siku chache kabla Bunge la Uingereza halijapitisha sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza kama yake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mume mpole, binti wa miaka sita, na barua ya sifa kutoka maktaba alikofanya kazi ya ukarani miaka minane.

Barua hiyo ilisomwa na watu wengi na haikumsaidia kwa lolote. Mwaka wa kwanza na wa pili alipanga vijiko na uma kwenye trei za abiria, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, amevaa kofia ya nailoni iliyomwasha masikio. Mwaka wa tatu akaona tangazo kwamba maktaba moja ya mtaani Hounslow inatafuta karani wa ghorofa ya chini. Alipofika kwenye usaili alikuta hakuna mwombaji mwingine. Mkuu wa maktaba, Bi Hargreave, mwanamke mrefu aliyezoea kuzungumza kwa sauti ya chini hata akiwa barabarani, alimwuliza swali moja tu.

"Unaweza kuvumilia watu wanaolalamika?"

"Nimelelewa na shangazi wanne," Damyanti akajibu. Akapewa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaazimia watu vitabu kutoka kwingine. Msomaji akitaka kitabu ambacho hakimo rafuni, hujaza fomu. Fomu ile husafiri kwa posta kutoka maktaba hadi maktaba, kila moja ikigonga muhuri wake wa "Hatuna", mpaka ifike kwa aliye nacho. Hapo kitabu hupakiwa kwenye gari la maktaba na kuletwa. Mambo yakienda vizuri, msomaji alingoja wiki tatu. Yakienda vibaya alisahau aliomba nini. Ndiyo maana makarani wote wa juu waliikwepa kazi hiyo, na ndiyo maana ilikuwa imetupwa chini, katika chumba kisicho na dirisha, kilichopakana ukuta na mtambo wa kupasha jengo joto.

Damyanti alikipenda chumba hicho tangu siku ya kwanza. Kilikuwa mahali pekee katika Uingereza nzima alipoweza kuvua sweta.

Gari la vitabu liliendeshwa na Anselm Noronha, Mgoa aliyewahi kusambaza mikate Nairobi. Wazungu walipowasikia wawili hao wakicheka walidhani wanazungumza Kihindi. Lakini Kigujarati cha Damyanti na Kikonkani cha Anselm havikukutana popote. Walikutana kwenye Kiswahili, kile cha bara, kinachosonga mbele bila kujali ngeli.

"Dada, leo iko sanduku tatu," Anselm angesema akishuka ngazi. "Moja ni mzito kama jiwe ya kusaga."

"Weka hapa. Chai iko kwa chupa."

Hivyo ndivyo walivyokuwa Oktoba 1973, Mbarouk alipoingia.

Mbarouk alikuwa Mzanzibari wa makamo, mpishi katika jiko linalopikia abiria wa ndege, na alishuka ngazi zile akiwa ameshikilia kofia yake ya sufi mkononi kama mtu anayeingia ofisi ya Mudiri, mkuu wa wilaya. Alikuwa amejitayarishia maneno ya Kiingereza. Kabla hajayatamka alimsikia Damyanti akimwambia Anselm afunge mlango, baridi inaingia.

"Ala!" akasema Mbarouk. "Kumbe huku chini ndiko kwetu?"

Alipewa kiti, akapewa chai, kisha akaeleza shida yake. Mkewe, Zainab, alikuwa mdarizi wa kofia za viua, zile za matundu madogo yaliyozungushiwa uzi. Shuleni Unguja, miaka ya hamsini, mwalimu wao aliandika kijitabu cha michoro ya kofia, kikachapwa kwa stensili na kugawiwa darasani. Kila kofia ilikuwa na mchoro wake uliowekwa kwenye miraba, na hesabu ya matundu. Zainab alikuwa nacho mpaka siku waliyoondoka nchini bila kufunga hata sanduku. Sasa walikuwa na majira matatu ya baridi London, naye hatoki nyumbani ila kwa ulazima, tena sharti mumewe awe pembeni. Huketi dirishani na kitambaa cha marekani mapajani, akidarizi michoro miwili anayoikumbuka kwa moyo. Mingine imemtoka kichwani.

"Nimemwambia, nchi hii wanahifadhi kila karatasi," Mbarouk akasema. "Nimemwahidi, bibie. Sasa ndiyo nimekuja kwako."

"Aliandika nani?"

"Bi Mwanabaraka binti Matar. Kinaitwa *Mishono ya Kofia*."

Fomu ilikuwa na nafasi mbili za jina la mwandishi, jina la ukoo na jina la kwanza. Damyanti akaandika "Matar", kisha "Mwanabaraka", akaituma.

Ilirudi baada ya wiki tano na mihuri kumi na moja ya "Hatuna". Akageuza majina, akaituma tena. Ilirudi Januari na mihuri kumi na minne. Mbarouk alikuwa akipita kila Jumatatu baada ya zamu yake, na kila Jumatatu Damyanti alitikisa kichwa, naye husema, "Hapana neno, tutangoja," akanywa chai, akaenda zake. Damyanti alianza kuziogopa Jumatatu.

Majira hayo yenyewe yalikuwa mabaya. Mafuta yalikuwa adimu nchi nzima, taa zilizimwa kwa zamu, na viwanda vilifunguliwa siku tatu kwa wiki. Bi Hargreave alishuka chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Gari litatoka Jumanne tu kuanzia sasa," alisema. "Na mwisho wa Machi baraza litaamua kama tuendelee na huduma hii au tuifunge. Wanauliza nani hasa anaihitaji."

Damyanti aliwaza habari ya Mbarouk, lakini mtu mmoja anayengoja kitabu kisichopatikana si ushahidi mzuri mbele ya baraza.

Wiki hiyohiyo alishikwa na kikohozi, akaenda kwa daktari mpya. Msichana wa mapokezi alipekua kadi, akapekua tena.

"Hatuna Vaghela."

"Nilijiandikisha mwezi uliopita. Damyanti Vaghela."

"Tunaye Bi Ben," msichana akasema. "Damyanti Ben. Anwani ni hiyohiyo yako."

Damyanti akaitazama kadi. Kwao Kigujarati mwanamke huitwa jina lake na kuongezewa "ben", yaani dada, kwa heshima tu. Mumewe ndiye aliyejaza ile fomu, akaandika Damyantiben kama anavyomwita nyumbani, na karani akaikata heshima hiyo na kuifanya ukoo. Akaanza kucheka, kikohozi kikamzidia, watu wakampisha kiti. Akiwa katikati ya kicheko na kikohozi akasimama wima.

"Binti!" akasema kwa sauti. "Wamemweka kwenye Binti!"

Hakumngoja daktari. Alirudi maktaba kwa basi, akateremka chini na koti lake, akapiga simu kwenye maktaba ya chuo kimoja cha katikati ya jiji chenye vitabu vingi vya Afrika, ambacho mara zote mbili kiligonga muhuri wa "Hatuna". Aliyepokea alikuwa mkutubi mzee, Bwana Tulloch.

"Tafadhali tazama droo ya herufi B," Damyanti akamwambia. "Si Matar, wala si Mwanabaraka. Tazama Binti."

Damyanti alisikia droo ikivutwa, kisha viatu vikirudi taratibu.

"Bi M. Binti," Bwana Tulloch akasema. "Kurasa thelathini na mbili. Basi kumbe tunacho."

Damyanti alipiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka chumba cha kusomea magazeti.

Ila Bwana Tulloch alikuwa na masharti. Kijitabu kilikuwa cha karatasi dhaifu, nakala pekee. Hakitapita posta, kitaletwa na gari. Hakitatiwa kwenye mashine ya kunakili. Kitasomewa ndani ya maktaba ya Hounslow, hakitatoka kwenda nyumba ya mtu. Na kitarudishwa mikononi mwake baada ya wiki mbili, Ijumaa, saa sita mchana. Kikichelewa, maktaba yake haitaiazimisha Hounslow kitu tena.

Mbarouk alipoelezwa, uso uliochangamka ukasinyaa.

"Nilimwahidi kitabu, bibie. Sasa nikampelekee safari?"

"Umwambie kinakuja na gari la Jumanne," Damyanti akasema. "Umwambie mwalimu wake anamngoja."

Zainab alikuja Alhamisi asubuhi, amevaa buibui na juu yake koti la mumewe lililomfika vifundoni. Mbarouk alimfikisha mlangoni, akakimbilia zamu. Damyanti akampandisha chumba cha kusomea, akamketisha karibu na bomba la joto, akamwekea kile kijitabu mbele. Zainab hakukigusa kwanza. Alikitazama tu. Kisha akakifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na midomo yake ikawa inahesabu. Alipofika ukurasa wa tisa akacheka mwenyewe.

"Nini?" akauliza Damyanti.

"Hapa Bi Mwanabaraka alikosea. Safu hii tundu moja limezidi. Tulishona darasa zima, kofia zote zikaenda upande! Akatuambia, wanangu, leo tumebuni mtindo mpya."

Siku ya pili alikuja peke yake. Aliondoka nyumbani saa mbili, akapotea mara moja, akafika saa nne kasorobo.

Kwa kuwa mashine ya kunakili ilikatazwa, Zainab alianza kunakili michoro kwa mkono kwenye karatasi ya miraba. Siku ya nne aliketi pembeni yake mwanamke wa Kisingasinga aitwaye Gurdial, aliyekulia Kisumu na ambaye huja kusoma magazeti ya Kipunjabi. Gurdial alimwangalia kwa muda, mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Mama, hii maua unahesabu namna gani?"

Zainab akainua kichwa. "Si maua, ni viua. Sogea nikuoneshe."

Gurdial alikuwa mdarizi pia, wa mashela ya kwao, na jicho lake lilikuwa kali kwa miraba. Akachukua nusu ya kurasa. Siku iliyofuata mwanamke wa Kiingereza, Bi Lacey, mjane aliyekuja kuota moto na kufuma soksi, akasogeza kiti chake bila kuuliza na kuanza kuwachongea penseli. Kwa kuwa watatu hao hawakuwa na lugha moja, walizungumza zote, na chumba kile cha ukimya kikawa kama ukumbi wa harusi.

Bi Hargreave alitokea mlangoni. Damyanti, aliyekuwa akiwaletea karatasi, aliganda.

"Hapa watu wanasoma," Bi Hargreave akasema kwa sauti yake ya chini. Akazitazama karatasi, akachukua moja, akaipeleka kwenye mwanga. "Chumba cha hadithi za watoto hakina mtu asubuhi," akasema mwishowe. "Kina meza kubwa zaidi."

Basi walihamia huko. Jumatatu, siku nne kabla ya tarehe ya kurudisha, michoro yote thelathini ilikuwa imenakiliwa, ukurasa wa tisa ukiwa umesahihishwa.

Damyanti alifunga vifurushi viwili vya gari la Jumanne. Kimoja kilikuwa kile kijitabu, kiende chuoni. Cha pili kilikuwa kitabu kikubwa cha ufundi wa mabomba, kilichoombwa na maktaba moja ya Croydon. Zainab alikuwa amemletea kashata za nazi kumshukuru. Damyanti akala, akacheka, akabandika anwani.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Bi Vaghela," Bwana Tulloch akasema, "sasa hivi nimefungua kifurushi chako. Nimeazimishwa kitabu cha mabomba."

Basi kijitabu kilikuwa kimekwenda Croydon. Hakuwa na wa kumsingizia, anwani alibandika mwenyewe. Alipanda juu, akamweleza Bi Hargreave bila kupunguza neno. Gari halikuwa na mafuta mpaka Jumanne ijayo. Zilibaki saa tatu.

"Basi usisimame hapa," Bi Hargreave akasema. "Panda treni."

Zainab, aliyekuwa chumba cha watoto akimfundisha Bi Lacey kushika sindano, alisikia yote. Akasimama, akavaa koti.

"Nakwenda nawe."

"Bi Zainab, ni treni mbili kwenda, kisha nyingine."

"Hata zikiwa kumi. Kijitabu kile kilikuwa changu kabla hakijawa cha Mzungu."

Walibadilisha treni Clapham Junction, Zainab akiwa ameshika mkono wa koti la Damyanti kwa nguvu hivi kwamba kifungo kilikatika. Treni ya Croydon ilichelewa dakika ishirini. Zainab alizitumia kutazama njia za reli zilivyopishana, akauliza kila moja inakwenda wapi, na Damyanti, ambaye hakujua hata moja, alimjibu zote.

Croydon walikuta karani ameduwaa kaunta. Ndiyo, kifurushi kilifika. Msomaji aliyeagiza kitabu cha mabomba ameitwa asubuhi hii, na amekaa pale nacho.

Pale mezani kulikuwa na kijana mwenye miwani, amevaa ovaroli, na kile kijitabu kimefunuliwa mbele yake. Alikuwa akifuatisha safu kwa ncha ya kidole.

"Samahani, ndugu," Damyanti akasema kwa Kiingereza. "Kitabu hicho kimekujia kwa makosa."

Kijana akamtazama yeye, akalitazama buibui la Zainab, akajibu kwa Kiswahili cha Kampala. "Mimi najua. Hawa walitaka kurudisha kwa posta, nikasema hapana, hii ni karatasi ya zamani, mwenyewe atakuja. Jina langu Shiraz." Kisha akaongeza kwa unyonge, "Lakini mabomba yangu iko wapi? Mtihani ni wiki ijayo."

"Yako chuoni, na yatakufikia Jumatatu hata nikiyaleta kichwani," Damyanti akamwambia.

Shiraz akakifunga kijitabu kwa uangalifu, akamkabidhi Zainab kwa mikono miwili. "Ukurasa ya tisa," akasema, "hesabu yake haiko sawa."

Zainab alicheka mpaka karani akageuka.

Walifika chuoni saa sita na dakika kumi na mbili. Bwana Tulloch alikuwa amesimama kaunta, mzee mwembamba mwenye tai iliyokazwa, na saa ya ukutani nyuma yake. Damyanti alianza kuomba radhi akihema. Zainab hakungoja tafsiri. Alikiweka kijitabu juu ya kaunta, akakifungua ukurasa wa tisa, akatoa kwenye mkoba wake karatasi ya miraba iliyosahihishwa, akaiweka kando yake.

"Mwambie," akasema, "hiki ni chake, na hii ni zawadi. Mwambie Bi Mwanabaraka alikuwa mwalimu wangu, na hakuwahi kuitwa Binti. Binti ni kusema yeye ni mtoto wa Matar."

Damyanti akatafsiri. Bwana Tulloch akavitazama vile viwili kwa zamu. Kisha akakifungua kijitabu nyuma, pale ambapo hugongwa tarehe za kuazimwa. Palikuwa na tarehe moja tu, ya mwezi huo.

"Kimekaa hapa miaka kumi na tano," akasema, "na hakuna aliyewahi kukiomba. Nilidhani hakitakiwi na mtu." Akakifunga kijitabu. "Bi Vaghela, katika droo ile kuna Binti wangapi?"

Akawapeleka. Damyanti akaivuta droo ya B. Bin, Bin, Bin, kadi baada ya kadi, masheikh na walimu na matabibu wamepangwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Baada yao mabinti. Na mbele ya wote, akina Ben, wanawake wa Gujarati wasiojuana. Zainab alizisoma kwa sauti, na kwa baadhi ya majina alisema, "Huyu nilikuwa namjua," au "Huyu ni jirani yetu kule Malindi, Unguja." Hakuna aliyetaja tena dakika kumi na mbili.

Shiraz alipata kitabu chake Jumatatu, akafaulu.

Kuanzia Machi Damyanti alikwenda chuoni kila Jumatano, kwa ruhusa ya Bi Hargreave, kuzipanga upya kadi zile kwa majina ambayo wenyewe wangeyaitikia. Alipomaliza droo ya B aliandikia maktaba nyingine za jiji, akiuliza zina vitabu gani vya Kiswahili, Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu, na zimeviweka wapi. Wengi walijibu kwamba vimo kwenye maboksi, hawana wa kuvisoma. Wengine walikuwa na boksi la Kigujarati mahali pasipo Mgujarati hata mmoja. Kutokana na majibu hayo alipiga chapa orodha moja ya kurasa arobaini, kitabu na mahali kilipo, na Anselm akaisambaza pamoja na masanduku yake. Ndani ya miezi michache fomu zilizoshuka chumba kile kisicho na dirisha ziliongezeka hata akapewa msaidizi.

Baraza nalo lilikuwa limekutana mwisho wa Machi. Bi Hargreave hakupeleka ripoti ndefu. Alimpeleka Zainab, na Gurdial, na Bi Lacey, kila mmoja na kofia aliyoshona, wakaketi mstari wa mbele. Diwani mmoja aliuliza kama kofia ile inaweza kuvaliwa na Mkristo. Bi Lacey akamwambia ajaribu. Akajaribu, ikamkaa vizuri, na huduma ikaachwa iendelee.

Zainab alifundisha kudarizi katika chumba cha watoto kila Alhamisi kwa miaka kumi na saba. Binti yake, Mwanamwema, alimjibu kwa Kiingereza maisha yote, lakini viua alivihesabu kwa Kiswahili, kwa maana hakujua kuvihesabu vinginevyo.

Damyanti alistaafu mwaka 1997. Kompyuta zilikuwa zimeingia zamani, na maombi yaliyokuwa yakizunguka wiki tano sasa yalijibiwa kabla chai haijapoa. Hakusikitika hata kidogo. "Wiki tano zile mnazozisifu," aliwaambia vijana wa kazini, "mngekuwa mnamtazama Mbarouk kila Jumatatu, msingezisifu." Siku ya mwisho alipanda juu na mkoba wake, akaomba kadi ya uanachama kama msomaji wa kawaida, na yule kijana wa kaunta akamwuliza jina la ukoo.

"Vaghela," akasema, akamtajia herufi moja moja, akasubiri mpaka alipoona imeandikwa sawasawa. Kisha akaazima vitabu vitatu vya upelelezi, akaenda kupanda basi.